Kosa dogo la barabarani linapogeuka hukumu ya kifo Marekani

DEREVA anaposimamishwa na polisi nchini Marekani kwa sababu ya taa iliyoungua au usajili wa gari uliopitwa na muda, adhabu iliyowekwa na sheria ni onyo au faini. Hata hivyo, kwa mamia ya watu kosa la namna hiyo limekuwa chanzo cha mauti.

Magari zaidi ya milioni 20 husimamishwa na polisi kila mwaka katika nchi hiyo, yaani zaidi ya 50,000 kwa siku. Hakuna shughuli nyingine ya polisi inayowakutanisha na raia kwa wingi kiasi hicho, na idadi kubwa ya madereva huondoka salama wakiwa na karatasi ya faini mkononi.

Lakini uchunguzi uliochapishwa na gazeti la The New York Times mwaka 2021 ulibaini kuwa katika muda wa miaka mitano, polisi walikuwa wamewaua madereva na abiria zaidi ya 400 ambao hawakuwa wameshika bunduki wala kisu, na ambao hawakuwa wakiandamwa kwa uhalifu wa kutumia nguvu. Maafisa waliopatikana na hatia kutokana na vifo hivyo walikuwa watano pekee.

Inakuwaje basi kosa la taa liishie mochari? Jibu limo katika mambo matatu: mamlaka mapana ya kusimamisha magari, mafunzo yanayomfanya afisa amtazame kila dereva kama adui anayenyemelea, na sheria ambayo kwa miaka mingi imempima afisa kwa sekunde ile tu aliyofyatua risasi.

Vifo vilivyotikisa taifa

Mnamo Aprili 4, 2015, Walter Scott, mwenye umri wa miaka 50, alisimamishwa mjini North Charleston, jimbo la South Carolina, kwa sababu ya taa ya breki isiyowaka. Alishuka garini na kukimbia. Afisa Michael Slager alimfyatulia risasi nane akiwa amempa mgongo, na tano zikampata.

Slager alidai kuwa alihofia maisha yake. Huenda maelezo hayo yangekubaliwa kama mpita njia hangekuwa amerekodi tukio zima kwa simu. Jopo la raia lililosikiliza kesi katika mahakama ya jimbo lilishindwa kuafikiana mwaka 2016. Mwaka uliofuata Slager alikiri mbele ya mahakama ya serikali kuu kuwa alikiuka haki za marehemu, akafungwa miaka 20.

Miezi mitatu baada ya kifo cha Scott, Samuel DuBose alipigwa risasi ya kichwa mjini Cincinnati, jimbo la Ohio. Alikuwa amesimamishwa na afisa wa polisi wa chuo kikuu kwa kuwa gari lake halikuwa na nambari ya usajili upande wa mbele. Afisa huyo, Ray Tensing, alishtakiwa mara mbili, na mara zote mbili jopo likashindwa kukata shauri. Mashtaka yaliondolewa mwaka 2017.

Kisa cha Philando Castile ndicho kilichoitikisa dunia zaidi. Castile, mwenye umri wa miaka 32, alikuwa msimamizi wa maakuli katika shule moja ya mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota. Jioni ya Julai 6, 2016, alisimamishwa katika kitongoji cha Falcon Heights, na afisa Jeronimo Yanez akamweleza kuwa taa yake ya breki ilikuwa na hitilafu. Kabla ya hapo, afisa huyo alikuwa amewaambia wenzake kwa redio kwamba dereva alifanana na mshukiwa wa wizi wa mabavu.

Castile alimwarifu kwa upole kuwa alikuwa na bunduki, ambayo alikuwa na kibali cha kuimiliki. Sekunde chache baadaye Yanez alifyatua risasi saba. Mpenziwe Castile, aliyekuwa ameketi kando yake, alianza kuonyesha yaliyojiri moja kwa moja kupitia Facebook huku bintiye wa miaka minne akiwa kiti cha nyuma. Mnamo Juni 2017 jopo lilimwondolea Yanez hatia.

Baada ya mauaji hayo ilifichuka kwamba Castile alikuwa amesimamishwa na polisi mara zisizopungua 46 katika kipindi cha miaka 13, aghalabu kwa makosa madogo madogo.

Katika jimbo hilo hilo la Minnesota, Aprili 11, 2021, Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alisimamishwa mjini Brooklyn Center kwa sababu ya usajili uliopitwa na muda na kifaa cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo cha ndani. Polisi walipogundua kuwa kulikuwa na agizo la kumkamata, alijaribu kurejea garini. Afisa Kim Potter alipaza sauti kuwa angetumia bunduki ya umeme, lakini silaha aliyokuwa ameshika ilikuwa bastola. Alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mwaka mmoja baadaye zamu ilimfikia Mwafrika aliyekuwa amekimbia vita kwao. Patrick Lyoya, mwenye umri wa miaka 26, alizaliwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na familia yake ilihamia Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi. Asubuhi ya Aprili 4, 2022, afisa Christopher Schurr alilisimamisha gari lake mjini Grand Rapids, jimbo la Michigan, akisema nambari za usajili hazikulingana na gari.

Lyoya alishuka, jambo ambalo polisi wa Marekani hulichukulia kama ishara ya hatari. Afisa akamuuliza iwapo anaelewa Kiingereza, akamtaka leseni. Baada ya muda Lyoya alijaribu kutoroka, wakakabana mieleka na kung'ang'ania bunduki ya umeme ya afisa huyo. Hatimaye Schurr alimpiga risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi.

Babake marehemu alizungumza na wanahabari kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Schurr alifutwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Mawakili wake walisema alihofia maisha yake kwa sababu Lyoya alikuwa ameidhibiti bunduki ya umeme. Mnamo Mei 2025 jopo lilishindwa kuafikiana, na kiongozi wa mashtaka akatangaza kuwa hangeifufua kesi hiyo.

Kisingizio kilichohalalishwa

Kila mmoja wa watu hao alisimamishwa kwa njia ambayo sheria ya Marekani inaruhusu. Kanuni za barabara katika majimbo ni nyingi kiasi kwamba ni nadra kwa dereva kusafiri mbali bila kuvunja mojawapo, na polisi wanalifahamu hilo.

Mnamo 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, kuwa afisa anaweza kumwamuru dereva aliyesimamishwa kihalali ashuke garini hata pasipo dalili kwamba ana silaha. Mwaka 1997 mamlaka hayo yalipanuliwa hadi kwa abiria.

Uamuzi uliokuwa na athari kubwa zaidi ulitolewa mwaka 1996 katika kesi ya Whren. Majaji wote tisa walikubaliana kuwa maadamu dereva amevunja kanuni fulani, haijalishi afisa alikuwa na nia gani moyoni. Afisa anayeshuku kuwa gari limebeba dawa za kulevya, lakini hana ushahidi, anaweza kulifuata hadi dereva asahau kuonyesha ishara ya kupinda, kisha akalisimamisha.

Wanaopinga uamuzi huo husema uliwapa polisi kibali cha kutumia kanuni za barabarani kama kisingizio, na kwamba mzigo wake umewaelemea zaidi Wamarekani Weusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichanganua takriban visa milioni 100 vya magari kusimamishwa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Waligundua kuwa sehemu ya madereva Weusi miongoni mwa wanaosimamishwa hupungua giza linapoingia, wakati ambapo ni vigumu kwa afisa kuona rangi ya dereva.

Kuna pia suala la fedha. Ripoti ya Wizara ya Haki ya mwezi Machi 2015 kuhusu mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, ilieleza jinsi wakuu wa mji huo walivyowahimiza polisi kutoza faini ili kuziba pengo la bajeti. Miji mingine midogo pia hutegemea mapato ya aina hiyo, na kadiri magari yanavyosimamishwa kwa wingi ndivyo nafasi za makabiliano zinavyoongezeka.

Hofu iliyofunzwa darasani

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Polisi wa Marekani wana nyoka wao wa kweli. Nchi hiyo ina bunduki nyingi mikononi mwa raia kuliko idadi ya watu wake, na afisa anayekaribia dirisha la gari hajui kilicho chini ya kiti.

Mnamo Januari 12, 1998, Kyle Dinkheller, afisa kijana wa jimbo la Georgia, alimsimamisha dereva aliyekuwa akiendesha kwa kasi. Dereva huyo, mwanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, alichomoa bunduki na kumuua. Kamera ya gari la polisi ilinasa kila kitu, pamoja na sauti ya afisa akitoa amri tena na tena. Tangu hapo video hiyo imeonyeshwa kwa makurutu kote Marekani, funzo likiwa kwamba anayesitasita hufa.

Maafisa kama Dinkheller wapo. Uchunguzi wa The New York Times ulihesabu maafisa wapatao 60 waliouawa na madereva waliosimamishwa katika miaka ile ile mitano. Hata hivyo, hatari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na wingi wa magari yanayosimamishwa. Utafiti wa mtaalamu wa sheria Jordan Blair Woods, uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia rekodi za zaidi ya idara 200 za polisi katika jimbo la Florida, ulionyesha kuwa katika ukaguzi wa kawaida afisa mmoja huuawa kwa kila magari milioni 6.5 yanayosimamishwa.

Pengo kati ya hatari halisi na hatari inayofundishwa lina madhara. Afisa aliyejazwa hofu hutafsiri mkono unaoelekea mfukoni kuwa unafuata bastola, na gari linaloanza kusonga kuwa silaha. Yanez, aliyemuua Castile, alikuwa amehudhuria mafunzo ya kibinafsi yaliyowahimiza polisi kuwa na fikra za shujaa aliye vitani.

Sheria ya sekunde moja

Kwa miaka mingi, majimbo kadhaa ya Marekani yaliruhusu polisi kumpiga risasi mshukiwa yeyote wa hatia kubwa aliyekuwa akitoroka. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1985 kutokana na kesi ya Edward Garner, mvulana wa miaka 15 aliyeuawa mjini Memphis mwaka 1974 alipokuwa akiparamia ua baada ya kuiba mkoba na dola 10. Mahakama ya Juu iliamua kuwa mtu anayetoroka hawezi kupigwa risasi isipokuwa pawepo sababu za kutosha kuamini kuwa ni tishio kubwa kwa maisha ya afisa au ya watu wengine.

Miaka minne baadaye mahakama hiyo iliweka kipimo ambacho kinatumika mpaka leo, na kesi yenyewe ilitokana na gari kusimamishwa. Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari mjini Charlotte, alikwenda dukani mwaka 1984 kununua maji ya matunda ili kupandisha sukari mwilini. Alipokuta foleni ndefu alitoka mbio na kurejea katika gari la rafikiye. Afisa aliyemwona alishuku wizi, akalisimamisha gari hilo, na katika purukushani iliyofuata Graham alivunjika mguu.

Mahakama ilisema kuwa matumizi ya nguvu yapimwe kwa jicho la afisa mwenye busara aliyekuwa katika eneo la tukio, ambaye hulazimika kuamua kufumba na kufumbua, na wala si kwa hekima ya baadaye. Hapo ndipo maneno "nilihofia maisha yangu" yalipopata uzito yalio nao leo mahakamani.

Mnamo 2014, katika kesi ya Plumhoff, mahakama hiyo iliamua kuwa polisi hawakukosea walipofyatua risasi 15 kwa gari lililotoroka kwa kasi baada ya kusimamishwa kwa sababu ya taa ya mbele. Dereva na abiria wake walifariki.

Familia zinazotaka fidia hukumbana na kizingiti kingine, nacho ni kinga inayomlinda afisa katika kesi za madai isipokuwa awe amekiuka haki iliyokwisha kuthibitishwa wazi na mahakama. Miji mingi huamua kulipa nje ya mahakama. North Charleston ililipa familia ya Scott dola milioni 6.5. Fedha hizo hutoka katika hazina ya umma, na afisa mwenyewe kwa kawaida halipi chochote.

Baadhi ya mahakama za rufaa zilikaza kipimo cha Graham zaidi, zikashikilia kuwa jaji atazame tu sekunde ambapo tishio lilijitokeza na kusahau yote yaliyotangulia. Msimamo huo ulibatilishwa Mei 15, 2025.

Kesi yenyewe ilimhusu Ashtian Barnes, kijana wa miaka 24 aliyesimamishwa karibu na Houston, jimbo la Texas, Aprili 28, 2016. Gari alilokuwa akiendesha lilikuwa la kukodi, na lilikuwa na ada za barabara ambazo hazikuwa zimelipwa. Gari lilipoanza kuondoka, afisa Roberto Felix alirukia kizingiti cha mlango na kufyatua risasi mbili, ya kwanza ikitoka sekunde mbili tu tangu aukanyage.

Mahakama za chini zilisema kuwa katika sekunde hizo mbili maisha ya afisa yalikuwa hatarini, na hapakuwa na zaidi la kuuliza. Katika uamuzi wa kauli moja ulioandikwa na Jaji Elena Kagan, Mahakama ya Juu ilisema mazingira yote lazima yazingatiwe, ikiwemo sababu ya gari kusimamishwa na yale ambayo kila upande ulifanya kabla ya risasi. Kesi ilirudishwa chini ikasikizwe upya.

Ushindi huo una mipaka. Majaji hawakuamua iwapo afisa aliyejitia hatarini mwenyewe anaweza kulaumiwa kwa hilo. Jaji Brett Kavanaugh, akiungwa mkono na wenzake watatu, aliongeza maoni akikumbusha kuwa kumsimamisha dereva ni kazi ya hatari, na kwamba afisa hana chaguo jepesi dereva anapotoroka.

Ushauri kwa madereva, na mipaka yake

Suala hili linawagusa pia Waafrika Mashariki, kwani Minnesota na Texas ni miongoni mwa majimbo yenye Wakenya wengi. Mashirika ya haki za kiraia na viongozi wa jamii za wahamiaji huwashauri madereva waegeshe gari kando mara taa za polisi zinapowaka nyuma yao, wazime injini, wawashe taa ya ndani iwapo ni usiku, na waweke mikono kwenye usukani mahali inapoonekana.

Dereva anahimizwa asishuke mpaka aamriwe, na aseme kwanza kabla ya kupeleka mkono mfukoni kutoa leseni. Ana haki ya kunyamaza anapoulizwa maswali mengine, na anaweza kukataa gari lisipekuliwe iwapo ameombwa ridhaa, ingawa hapaswi kumzuia afisa kwa mikono. Malalamiko hupelekwa baadaye kwa wakili, kwani barabarani si mahali pa kubishana.

Ushauri huo umewafaa wengi. Hata hivyo, Castile hakutoroka wala hakupigana, na alimtahadharisha afisa kuhusu bunduki yake mapema. Ndiyo maana wapigania mageuzi wameelekeza juhudi zao kwenye chanzo, yaani uamuzi wa kulisimamisha gari.

Mageuzi ya kusuasua

Marekani ina takriban idara 18,000 za polisi, kila moja ikiwa na kanuni zake, hivyo mabadiliko huja kwa vipande vipande. New York ilipiga marufuku kufyatulia risasi magari yanayotembea mwaka 1972, na visa vya polisi kufyatua risasi vikapungua katika miaka iliyofuata. Wizara ya Haki ilitoa mwongozo wa aina hiyo kwa maafisa wa serikali kuu mwaka 2022.

Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019 inayoruhusu nguvu za kuua pale tu zinapolazimu. Tangu Januari 2024, polisi wa jimbo hilo wanatakiwa kumweleza dereva sababu ya kumsimamisha kabla ya kumuuliza maswali yoyote. Katika bunge la taifa, mswada uliopewa jina la George Floyd ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2020 na tena 2021, ukakwama katika Seneti.

Mjini Memphis, Tyre Nichols alifariki Januari 10, 2023, siku tatu baada ya kusimamishwa na kupigwa vibaya na polisi. Baraza la mji lilipiga marufuku kusimamisha magari kwa makosa madogo, lakini bunge la jimbo la Tennessee lilifuta uamuzi huo mwaka 2024. Waliounga mkono hatua hiyo walisema polisi hawafai kufungwa mikono wanapokabiliana na uhalifu.

Kwingineko hatua kama hizo zimedumu. Virginia ilizuia polisi kusimamisha magari kwa hitilafu ndogo kuanzia Machi 2021. Philadelphia ilifuata Machi 2022, ikawa mji mkubwa wa kwanza kufanya hivyo, kwa sheria inayotaja makosa manane. Dereva bado anaweza kutozwa faini, ila karatasi yake hutumwa kwa posta au huachwa kwenye gari. Miongoni mwa makosa hayo ni taa moja ya breki isiyowaka.